Darasa la Bwana Brown sasa limetufikia

Juzi mpwa wangu, msichana aliyehitimu uuguzi na ambaye anajitayarisha kufanya mtihani wa Kiingereza ili apate kibali cha kufanya kazi Uingereza, alinikuta barazani nikitazama kipindi cha zamani katika simu, nikicheka peke yangu. Aliketi kando yangu, akatazama kwa muda wa dakika tano hivi, asitabasamu hata kidogo. Kisha akaniuliza: "Mjomba, hawa watu wanachekwa kwa nini? Si wanajifunza?"

Nilinyamaza. Kipindi hicho kilikuwa "Mind Your Language", na mwalimu aliyesimama mbele ya darasa lile alikuwa Bwana Jeremy Brown, ambaye jina lake la haki lilikuwa Barry Evans. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Katika miaka ya themanini, kipindi hicho kilipokuwa kikionyeshwa na Sauti ya Kenya, yaani stesheni ambayo tangu mwaka wa 1989 inaitwa KBC, sisi watoto wa mtaani kwetu tulijaa katika nyumba moja yenye televisheni ya kutumia betri ya gari. Wakubwa walikalia viti, wadogo sakafuni, na waliochelewa walichungulia dirishani. Kesho yake shuleni kila mmoja alikuwa ama Mhindi, ama Mhispania, ama Mjapani, akiiga matamshi aliyoyasikia usiku.

Tangu siku ile swali la mpwa wangu halijaniondoka. Nimeona ni heri nimweleze msomaji habari za mwigizaji huyu, kazi yake na mwisho wake, kwani ndani ya habari hizo mna mambo yanayotuhusu sisi leo kuliko tulivyodhani tulipokuwa tukicheka sakafuni.

MTOTO WA YATIMA

Barry Evans alizaliwa Guildford, katika jimbo la Surrey, mwezi wa Juni mwaka wa 1943, wakati Uingereza ikiwa vitani. Hakulelewa na wazazi wake. Alikulia katika nyumba za watoto yatima na kusomeshwa huko huko, na ilikuwa katika michezo ya shule ambapo walimu walitambua kwamba kijana huyu ana kipawa. Alipata msaada wa masomo uliopewa jina la John Gielgud, mwigizaji mkubwa wa jukwaa la Kiingereza, akaingia chuo cha Central School of Speech and Drama mjini London. Kwa mtoto asiye na kwao, hiyo haikuwa hatua ndogo.

Chuo kile kilifundisha kazi ya jukwaani: jinsi ya kutoa sauti bila kupiga kelele, jinsi ya kusimama, na zaidi ya yote jinsi ya kumsikiliza mwenzako. Nawaomba wasomaji waliweke moyoni jambo hilo la kusikiliza, maana nitalirudia.

Mwaka wa 1967 alichaguliwa kuwa mhusika mkuu katika filamu "Here We Go Round the Mulberry Bush" iliyoongozwa na Clive Donner. Alicheza kijana wa shule anayehangaika kutafuta msichana, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ametimiza miaka 24. Sura yake ilikuwa ya kitoto, na sura hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango. Baadaye, kama tutakavyoona, ndiyo iliyomfungia.

Mwaka wa 1969 stesheni ya London Weekend Television ilianza kuonyesha "Doctor in the House", mchezo uliotokana na vitabu vya Richard Gordon kuhusu wanafunzi wa udaktari. Miongoni mwa waandishi wake walikuwapo John Cleese na Graham Chapman, ambao walikuja kupata sifa kubwa katika kundi la Monty Python. Evans alikuwa Michael Upton, mwanafunzi mpole anayeingizwa matatani na wenzake. Akaendelea na sehemu hiyo hiyo katika "Doctor at Large" mwaka wa 1971, kisha akaacha, kwa kuwa hakutaka watu wamwone kuwa daktari wa vichekesho maisha yake yote.

Lakini kuacha ni jambo moja, na kupata kingine ni jambo lingine. Kazi zilipungua. Mnamo mwaka wa 1976 alionekana katika filamu ya vichekesho vya mapenzi iitwayo "Adventures of a Taxi Driver", akicheza dereva wa teksi wa London. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mchezo ule ungekuja kuwa kweli.

DARASA LENYEWE

Usiku wa tarehe 30 Desemba mwaka wa 1977, stesheni ile ile ya London Weekend ilionyesha kipindi cha kwanza cha "Mind Your Language". Mwandishi alikuwa Vince Powell, na mtayarishaji Stuart Allen. Kisa ni chepesi: mwalimu kijana anaajiriwa kufundisha Kiingereza darasa la jioni la watu wazima, wageni kutoka nchi mbalimbali. Sisi huku tungeliita ngumbaru. Na kwa bahati, mwaka wa 1979 Serikali yetu ilianzisha kampeni kubwa ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika, kwa hivyo tulikuwa tukicheka ngumbaru ya London huku mama zetu wakienda na madaftari yao katika ngumbaru yetu wenyewe.

Wanafunzi wa Bwana Brown walikuwa kila mmoja na chambo chake kimoja cha kuchekesha. Ali Nadim Mpakistani alijibu kila jambo kwa furaha ya mtu asiyeelewa. Ranjeet Singh, Singasinga mwenye kilemba, aliomba radhi maelfu kwa kila kosa, na mara kwa mara alitaka kupigana na Ali kwa sababu ya dini. Mwanamke wa Kichina alikuja na kitabu cha mawazo ya Mwenyekiti Mao. Mjapani aliinama. Mjerumani alikuwa mkali. Mfaransa wa kike aliwatia wanaume wazimu. Nyuma ya mlango alisimama Bi Courtenay, mkuu wa shule, akingojea kumshika mwalimu kosani.

Waigizaji wenyewe hawakuwa watu wa kubahatisha. Dino Shafeek, aliyecheza Ali, alizaliwa Dhaka. Albert Moses, aliyecheza Ranjeet, alitoka Sri Lanka na wala hakuwa Singasinga. Pik-Sen Lim alizaliwa Malaysia. Françoise Pascal, yule "Mfaransa", alizaliwa Morisi, kisiwa kilicho katika bahari yetu hii hii ya Hindi. Anna Bergman alikuwa binti wa Ingmar Bergman, mwongozaji mashuhuri wa sinema wa Sweden. Yapasa kusemwa kwamba hiyo ilikuwa hatua mbele. Mwaka wa 1969 stesheni hiyo hiyo ilikuwa imemchukua Mzungu, Spike Milligan, ikampaka rangi usoni na kumwita Mpakistani katika mchezo wa "Curry and Chips". Katika darasa la Bwana Brown angalau Mwasia aliigizwa na Mwasia, akalipwa yeye.

Na sasa kuhusu kusikiliza. Tazama tena kipindi hicho, msomaji, usiwatazame wanafunzi, umtazame mwalimu. Evans hana mzaha hata mmoja wa kwake. Kazi yake ni kuuliza, kungoja, kupokea jibu la ajabu, na kulibeba jibu hilo usoni kwa nukta moja kabla hajalisahihisha. Ni kama mwitikiaji wa ngoma: asipoitikia kwa wakati wake, mwimbaji ataaibika. Tena hawacheki wanafunzi wake. Anachoka, anakasirika, anakata tamaa, lakini hawadharau. Naamini hiyo ndiyo sababu watu wa mataifa mengi waliyochekwa katika mchezo ule waliupenda mchezo wenyewe. Ulipendwa Bara Hindi, ulipendwa Sri Lanka, na mwaka wa 1993 Wahindi walitengeneza wa kwao kwa mtindo huo huo, "Zabaan Sambhalke", ambapo mwalimu anafundisha Kihindi.

NJE YA DARASA

Hata hivyo mapenzi ya watazamaji si ushahidi kwamba mchezo hauna dosari. Lazima tuuweke mchezo huo katika siku zake.

Mwaka wa 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwa haraka ili kuwazuia Waasia wenye pasipoti za Uingereza waliokuwa wakihama kutoka Kenya. Mwaka wa 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na karibu 28,000 kati yao wakaenda Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilidiriki kutoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasiende kwao. Walikwenda. Miongoni mwa watu hao walikuwa wengi waliojua Kiswahili kama tujuavyo sisi, waliozaliwa Mombasa, Kisumu, Kampala na Dar es Salaam.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1976, zaidi ya mwaka mmoja kabla Bwana Brown hajaingia darasani, wafanyakazi wa kiwanda cha kusafishia picha cha Grunwick, kaskazini mwa London, waligoma. Wengi wao walikuwa wanawake wa Kiasia kutoka Afrika Mashariki. Aliyewaongoza alikuwa Jayaben Desai, mama mfupi wa kimo aliyekuwa ameishi Tanzania kabla ya kwenda Uingereza. Walisimama nje ya lango wakiwa wamevaa sari, kipupwe na kiangazi, mpaka Julai mwaka wa 1978, na maelfu ya wafanyakazi Waingereza wakaja kuwaunga mkono. Mwishowe hawakupata walichodai, lakini hakuna aliyeweza tena kusema kwamba mwanamke wa Kiasia hana ulimi.

Basi linganisha. Ndani ya televisheni, Jamila mwenye sari anafuma sweta na hajui kuuliza njia. Nje ya televisheni, Bi Desai mwenye sari anawahutubia viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Wote wawili walionekana katika majira mamoja na mji mmoja. Mtazamaji Mwingereza aliyeketi kitini kwake alipewa nafasi ya kuchagua amwamini yupi, na si vigumu kukisia ni yupi aliyemfurahisha zaidi.

Ndiyo maana Michael Grade, mkubwa wa stesheni ile, aliusimamisha mchezo mwaka wa 1979 baada ya vipindi 29, ingawa watazamaji walikuwa wengi. Aliona kwamba unawafanyia mzaha watu wa mataifa mengine kwa tabia walizobandikwa tu. Wako wanaosema hata leo kwamba alikosea. Mimi nasema alikuwa na haki ya kuona alivyoona. Lakini uamuzi huo uliwaangukia pia wale waigizaji wa Kiasia, ambao hawakuwa na milango mingi ya kubisha.

MWISHO WA MWALIMU

Evans hakupata tena kazi iliyolingana na ile. Mwaka wa 1986 mchezo ulirudishwa kwa vipindi 13, bila baadhi ya wanafunzi wa zamani (Dino Shafeek alikuwa amefariki mwaka wa 1984), na baadhi tu ya stesheni za Uingereza ndizo zilizouonyesha. Mtu wa miaka 40 na zaidi mwenye sura ya kijana hana nafasi yake: kwa vijana amepitwa, kwa wazee hajafika. Mwaka wa 1993 alionekana katika filamu ya kitabu cha Charles Dickens, "The Mystery of Edwin Drood". Huo ukawa mwisho wa kazi zake mbele ya kamera.

Alihamia Leicestershire, jimbo ambalo mji wake mkuu ni ule ule Leicester uliowaandikia Waasia wa Uganda wasije. Huko aliendesha teksi. Mtu aliyejulikana Nairobi, Colombo na Karachi, ambaye sauti yake ilikuwa ikiigwa na watoto wa shule ng'ambo ya bahari, alikuwa akingojea abiria.

Mwezi wa Februari mwaka wa 1997 gari lake liliibwa. Polisi walipolipata walikwenda nyumbani kwake katika kijiji cha Claybrooke Magna kumpa habari, wakamkuta amekufa. Alikuwa na umri wa miaka 53. Uchunguzi ulionyesha pigo kichwani na kiasi kikubwa cha pombe mwilini. Kijana mmoja alikamatwa, lakini ushahidi haukutosha na hakushtakiwa. Afisa aliyechunguza kifo hicho aliacha uamuzi wazi, na hivyo ndivyo ulivyo mpaka leo.

Mimi sitaki kumfanya Evans kuwa mtakatifu wala kumlaumu mtu kwa kifo chake. Nataka tuangalie jambo moja tu: mchezo ulipokuwa ukizunguka dunia, mchezaji alikuwa wapi? Katika kazi hii mali haimo katika uso wa mwigizaji. Imo katika mkataba. Mwenye mkanda huuza mkanda mara kumi, na mwigizaji hulipwa kwa kadiri alivyotia sahihi siku ya kwanza, wakati alipokuwa na njaa ya kazi.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya Uingereza. Benson Wanjau, ambaye sote tulimwita Mzee Ojwang', alituchekesha kwa miongo mingi katika "Vitimbi" na "Vioja Mahakamani". Miaka michache kabla ya kufariki kwake mwezi wa Julai mwaka wa 2015, ilibidi wananchi wachange fedha ili atibiwe macho. Mtu aliyekuwa akiingia katika nyumba zetu kila wiki hakuwa na akiba ya daktari. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inamtambua mwigizaji na haki yake, lakini sheria iliyo katika kitabu haimnunulii mtu dawa mpaka kuwe na anayehesabu mara ngapi mchezo umerushwa na nani analipa.

Tena Wanjau mwenyewe ni funzo. Alikuwa Mkikuyu aliyepata umaarufu kwa kuiga matamshi ya Mjaluo. Tulicheka, na Wajaluo wakacheka, kwa sababu Ojwang' hakuwa mjinga kuliko wenzake. Alikuwa mjanja, mkaidi, mume na baba, na mara nyingi alishindwa kwa tamaa yake na wala si kwa ulimi wake. Hapo ndipo ilipo tofauti, kwa maoni yangu. Ukimcheka mtu kwa alilolifanya, umemcheka mtu. Ukimcheka kwa jinsi anavyotamka, umecheka kwao alikotoka.

SWALI LA MPWA WANGU

Kuna jambo ambalo sikuliona nilipokuwa mtoto. Katika darasa la Bwana Brown la miaka ile ya 1977 hadi 1979 hamkuwa na Mwafrika hata mmoja. Walikuwamo Waasia, Wazungu wa nchi nyingine, Wachina na Wajapani. Sisi hatukuwamo. Ndiyo maana tulicheka kwa raha kubwa hivyo. Tena tulikuwa watoto wa shule ambazo mtoto akiteleza akanena lugha ya mama yake alivishwa kibao shingoni na kutembea nacho mpaka ampate mwenzake wa kumpokeza. Jioni tulipomwona mtu mzima mwenye kilemba akikosea Kiingereza ambacho sisi tulikwisha kichapiwa fimbo, tulijiona tumefika. Mcheka kilema, walisema wahenga, hafi bila kumfika.

Kimetufika. Mwezi wa Julai mwaka wa 2021 Serikali ya Kenya na ya Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kupeleka wauguzi wetu kufanya kazi huko. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, Waziri wa Afya wa wakati ule, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliopita walikuwa 10 tu. Nchi nzima iliangua kicheko. Magazeti yaliandika, vijana wakatunga mizaha katika simu zao.

Nami nilicheka, nakiri. Lakini hebu tufikiri. Wauguzi hao walisoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Walifundishwa mwili wa binadamu kwa Kiingereza, wakafanya mitihani ya serikali kwa Kiingereza, na kila siku huandika habari za wagonjwa kwa Kiingereza. Baraza la wauguzi la Uingereza linadai alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kusema, na 6.5 katika kuandika. Ni haki yao kudai, kwa kuwa dawa ikikosewa mtu hufa. Lakini mtihani una mtindo wake, na saa zake, na sauti zake za kusikiliza, na asiyezoezwa mtindo huo ataanguka hata kama amemuuguza mgonjwa kwa miaka kumi. Mtihani ni ghali, na kuurudia ni ghali pia. Ikiwa Serikali yataka kupeleka watu, basi kwanza iwaandalie darasa na mwalimu. Kuwatuma mtihanini mikono mitupu, kisha kuwatangazia aibu yao hadharani, si njia ya kuwatendea watu waliosomeshwa kwa jasho la wazazi wao.

Kwa hivyo nilimjibu mpwa wangu siku ya pili. Nilimwambia tuliwacheka kwa sababu hatukujua kwamba sisi ni wanafunzi pia. Alisikiliza, kisha akaniomba nimwonyeshe tena mahali ambapo Bwana Brown anangoja jibu kabla ya kulisahihisha. Akasema katika darasa analolipia mjini mwalimu hangoji hata kidogo.

Mtihani wake ni mwezi ujao. Kila jioni hukaa barazani na vifaa vya kusikilizia masikioni, akirudia sentensi kwa sauti, na majirani wanaopita hucheka. Nimeanza kuwaambia wakae, wasikilize, kisha wajaribu wao.